Hesabuni kreti mkiwa wawili

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ukianza kazi mpya ukakuta wenzako ni wakali kwako, unaishi nao vipi? Nitajibu kutoka kaunta ya baa, Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu. Nilianza pale nikiwa na miaka 22, na miezi ya mwanzo nilikuwa narudi nyumbani alfajiri nalia njia nzima.

Kaunta ilikuwa na watu watatu. Kijana mmoja alishika mchana, halafu saa kumi na moja jioni tunaingia sisi wawili hadi kufunga. Dada niliyemkuta alikuwa na miaka sita pale. Siku ya kwanza aliitikia salamu yangu, akanionyesha ndoo na dekio, akageuka. Ufunguo wa friji aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mhudumu akija na oda ya bia, "Safari mbili, moja baridi moja moto," nikinyoosha mkono naambiwa, "Acha, utavunja." Wahudumu walipoona hivyo, nao wakaanza kunipita kana kwamba sipo, wanaita jina lake tu.

Wiki ya tatu hesabu ya asubuhi ikatoka na shoti, yaani upungufu, ya shilingi 18,000. Bosi hakuuliza lolote, alisema tu, "Mtagawana." Yule dada akasema mbele ya wote, "Kabla huyu hajaja, shoti tulikuwa hatuzijui." Nilikatwa 9,000 kwa bia ambazo sijazigusa, maana hata friji sikuwa nafungua.

Nilitaka kuacha kazi siku ile ile. Aliyenizuia ni mzee wa getini, mlinzi, aliyeniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, wewe ni wa tano." Wanne walionitangulia hawakudumu. Mmoja wao alitoka usiku na mauzo yote, hakuonekana tena, na yule dada akakatwa mshahara miezi kadhaa kulipa pesa ambayo hakuila. Tangu hapo kila mgeni kwake alikuwa deni linalokuja. Sisemi kwamba alikuwa na haki ya kunitendea vile. Ila nilipojua, niliacha kujiuliza nimemkosea nini.

Kisa kilikuwa kwenye ile "mtagawana". Watu wawili wanachota kwenye friji moja, kikipungua kitu hakuna anayejua kimepungulia mkononi mwa nani, na bosi hajali kwa sababu chake kinarudi vyovyote vile. Hapo hata ndugu wa tumbo moja watagombana.

Basi nikamwendea mchana kabla ya zamu, tukiwa peke yetu tunaosha glasi. Nikamwambia, "Dada, naomba tugawane kaunta. Wewe bia na soda, mimi pombe kali. Tuhesabu pamoja wakati wa kuingia, tuhesabu pamoja wakati wa kufunga, kila mtu aandike vyake na mwenzake asaini." Akaniuliza kama namwona mwizi. Nikamjibu, "Hapana dada. Nataka ukinidai, unidai kitu ninachokijua." Alinyamaza muda mrefu, akasuuza glasi kama tatu, akasema, "Lete daftari tuone."

Ile hesabu ina ufundi wake, na mgeni wa kaunta ajifunze hilo kabla hajajifunza kuchanganya chochote. Soda ni rahisi, kreti ni chupa 24, lakini lishushe, usihesabu kwa kutazama safu ya juu, maana pengo hukaa katikati. Konyagi kubwa ni mililita 750. Kwa kipimo cha mililita 30 ni toti 25. Ukimimina kwa macho utapata 22, na zile tatu utazilipa wewe. Chupa iliyofunguliwa nilikuwa naibandika utepe wa karatasi na kupiga mstari wa kalamu pale pombe ilipoishia, pamoja na saa. Na bia ikipasuka, usizoe vipande vyote ukatupa. Tunza shingo ikiwa na kizibo chake, ndiyo inayoonyesha kwamba haikunywewa. Mimi nilikuwa naziweka kwenye kopo chini ya kaunta hadi asubuhi.

Wahudumu walikuwa vita nyingine. Mmoja alizoea kuchukua chupa za pombe kali kwa mdomo, "niandikie baadaye," halafu usiku ukiwa mkubwa anachukua nne, wakati wa kufunga anasema ni tatu. Nilipoanza kuandika kila chupa akiwa amesimama pale pale, alinirushia chenji kaunta nzima ikatawanyika, wateja wakitazama. Niliokota. Sikumjibu usiku ule, na sijutii, maana ugomvi mbele ya wateja humgeuza mwenye haki akaonekana mkorofi. Kesho yake nilimfuata tukiwa wawili, nikamweleza kwamba chupa ile ya nne nikikaa kimya nailipa mimi, na mimi nina mama namtumia hela. Hatukuwa marafiki hata siku moja. Lakini chenji hakurusha tena.

Na kuna mtu wa kutomvumilia kabisa. Yule kijana wa mchana alikuwa ananunua Konyagi zake duka la jumla, anazipitisha kwenye begi, anauza toti za chupa zake juu ya kaunta ya bosi. Ujanja wake mbaya ni kwamba daftari linakaa sawa. Chupa za nyumba zipo zote, ila mauzo yanashuka, na kila mtu wa kaunta anaanza kutiliwa shaka. Aliniambia tushirikiane, nusu kwa nusu. Nilipokataa akaanza kunificha kipimo na kuchelewesha makabidhiano. Nilimwambia meneja, yule kijana akisikia, kwamba kuanzia leo sipokei chupa iliyofunguliwa ambayo haimo daftarini. Sikutaja jina wala begi. Wapo walioniona mnafiki kwa hilo. Mimi nasema aliyeniweka kwenye hatari ya kuitwa mwizi hakuwa ananionea huruma.

Kitu kimoja nilichelewa kukijua, na naomba kila anayesoma hapa akiwa kaunta akishike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu "mtagawana". Mwajiri hawezi kukukata mshahara kwa hasara mpaka iwe imetokana na kosa lako, akupe kwa maandishi chanzo na hesabu ya deni, akupe nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Chama cha wafanyakazi cha CHODAWU kinachukua wafanyakazi wa mahoteli na kazi zinazofanana na hizo, waulizeni. Miezi mingapi tulitazamana kwa chuki mimi na yule dada, kwa makato ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyepaswa kukatwa hivyo!

Aliacha kazi baada ya mwaka na nusu, akaenda kufungua mgahawa wake Kihonda. Ufunguo aliuvua mwenyewe akanivalisha.

Mwezi uliopita ameanza binti wa kutoka Kilosa. Siku ya kwanza nilimpa daftari na kalamu, tukashusha makreti yote chini. Siku ya nne akaniambia kwa woga kwamba kreti moja la bia ya Kilimanjaro lina pengo, chupa mbili hazipo, na namba iliyoandikwa ilikuwa ya kwangu. Tukazihesabu upya. Alikuwa sahihi. Nikakata namba yangu, nikaandika ya kwake, tukasaini wote wawili.