Hata mimi nilisomea chooni

Dada wa Mbale, swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu jikoni hadi mwanangu akaja kuangalia kuna nini. Unasema mama mkwe yuko kitandani tangu Januari, mume amepunguzwa kazini, watoto wanne hawatulii, na kitu pekee kinachokushusha pumzi siku hizi ni vile vijitabu vyembamba vya mapenzi vya kuchekesha, ambavyo unavisomea chooni ili wifi yako asikuone. Wifi akakukuta. Akasema mtu mzima mwenye mgonjwa ndani anapata wapi muda wa upuuzi. Sasa unauliza: ni upuuzi kweli? Na kama si upuuzi, uchague vipi?

Ngoja nikueleze yaliyonipata, kisha utaamua mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi, hapa Jinja, Uganda. Machi 2020 shule zilipofungwa, walimu wa serikali waliendelea kupata mshahara. Sisi tuliambiwa tusubiri. Nikasubiri miezi miwili, kisha nikaanza kukaanga chapati na kabalagala (vitumbua vya ndizi) barazani. Shule zikafunguliwa vipande vipande, zikafungwa tena Juni 2021, zikaja kufunguka kabisa tarehe 10 Januari 2022. Katikati ya hayo yote, Agosti 2020, mama yangu mzazi akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala wote, maneno yakampotea. Tukamleta kwangu. Vyumba viwili, watu wanane, choo cha kugawana na majirani watatu, kwa hiyo dada yangu, hata chooni kwenyewe nilikuwa nagongewa mlango.

Muuguzi alitufundisha kumgeuza mama kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya mgongo. Zamu ya usiku ilikuwa yangu. Sasa hiyo nafasi kati ya kumgeuza na kumgeuza tena, ukilala utapitiliza, na ukikaa macho bila kitu mkononi kichwa kinaanza mahesabu: kodi ya nyumba, umeme umebaki yuniti ngapi, unga wa ngano umepanda tena, atapona, hatapona. Ilipofika saa tisa usiku nilikuwa nimeshamzika mama na kugawana vyombo.

Kitabu cha kwanza nilikikuta kwenye boksi la jirani aliyehama. Mills & Boon, vile vya mapenzi vya Kiingereza, jalada limechanika kona, tajiri wa Kigiriki mwenye kisiwa chake na msichana wa Kiingereza anayeoka keki. Nilipokuwa sekondari tulivificha chini ya godoro, na msimamizi wa bweni akivipata anavichoma mbele yetu sote. Sikuwa nimegusa kimoja kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Nilikifungua nikiwa nacheka. Kufikia ukurasa wa kumi nilijua kila kitakachotokea hadi mwisho, na badala ya kuchoka, nikahisi mabega yanashuka.

Vitabu hivi vina ahadi, na ahadi haivunjwi. Kampuni ya Mills & Boon inayovichapisha ilianza London mwaka 1908 ikichapisha vitabu vya kila aina, miaka ya 1930 ikajikita kwenye mapenzi, na 1971 ikanunuliwa na Harlequin ya Kanada. Kanuni ni ileile: kurasa mara nyingi hazifiki 200, watakutana, watachukiana kidogo, watapendana, halafu kwenye ukurasa wa 140 hivi watagombana kwa jambo ambalo dakika tano za kuongea zingelimaliza, kisha watapatana. Lazima wapatane. Nyumbani kwangu hakukuwa na daktari wa kuniambia mama ataishia wapi, wala mkuu wa shule wa kuniambia lini nitalipwa. Kila kitu kilikuwa “tutaona”. Huyu Mgiriki na keki zake ndio walikuwa watu pekee ambao hawakuniambia tutaona.

Basi kitabu kikawa saa yangu. Sura tatu, namgeuza mama. Sura tatu, namgeuza.

Kaka mmoja amekujibu hapo juu kwamba ungesoma kitabu cha biashara, au Neno la Mungu. Kusali nasali, asinielewe vibaya. Ila kitabu cha biashara nilijaribu. Sura ya kwanza ilinishauri niamke saa kumi alfajiri kama watu waliofanikiwa. Saa kumi alfajiri mimi nilikuwa nimeshamgeuza mama mara tatu na kuanza kukanda unga. Nilikifunga nikakiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza, na hapo kimefanya kazi nzuri.

Kuhusu kuchagua. Si kila kitabu cha mapenzi kinapumzisha, na nilijifunza kwa makosa.

La kwanza, hadithi za vipande zinazotumwa kwenye simu, zile za “sehemu ya 12, itaendelea kesho”, ziache kwa sasa. Ni tamu, na nyingi ni za Kiswahili kizuri cha Tanzania, lakini zimetengenezwa zikuache roho juu, na wewe roho juu unayo ya kutosha. Mimi nilinasa kwenye moja mwishoni mwa 2020. Ilikuwa Facebook. Nilifika sehemu ya 34, Rehema amesimama mlangoni ameshika barua, mume anashuka kwenye gari. Ikaja Januari 2021, wiki ya uchaguzi, Facebook ikafungwa nchini, kisha intaneti yote ikakatwa siku kadhaa. Intaneti ikarudi, Facebook haikurudi. Najua zipo njia za kuzunguka, watu wote walizitumia, lakini simu yangu ilikuwa ya shida na bando la kubana. Hadi leo Rehema yuko mlangoni. Kwa hiyo chukua kitabu kilichokwisha, chenye jalada mbele na jalada nyuma.

La pili, tazama mwaka uliochapishwa ndani, kwenye ule ukurasa wa maandishi madogo. Vya miaka ya 1970 na 1980 vina wanaume ambao wakipenda wanafoka, wanakamata mkono kwa nguvu, wanabusu kwa lazima, na msichana anaambiwa huo ndio mwanamume. Kimoja nilikitia kwenye sigiri, kikawasha makaa vizuri. Mwanamume wa kufoka kama unaye nyumbani, humhitaji kitabuni. Na kama huna, usimwalike. Vipya vina wanaume wanaojua kuomba msamaha, na wengi wanaweza hata kupika.

La tatu, usichukue chenye jeraha linalofanana na lako. Kuna mfululizo mzima wa madaktari na wauguzi wanaopendana wodini. Mwalimu mwenzangu anaupenda kufa, ila mimi nikisoma neno “dripu” nasikia harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, basi raha imeisha. Wewe una mgonjwa wa kitandani: tafuta vya harusi, vya keki, vya mashambani, vya watu wawili waliolazimika kugawana nyumba ya likizo. Chekesho liwepo. Na ule ukurasa wa 140 wa ugomvi, siku ukiwa hoi, uruke tu. Hakuna mtihani.

Vya kununua, sehemu kubwa ni vya Kiingereza na ni vya mtumba, vile vinavyotandazwa chini kando ya barabara Kampala. Mimi nilikuwa nikimwagiza kondakta wa teksi (matatu) niliyesoma naye, ananiletea vitatu kwa shilingi 10,000. Ukimaliza, badilishana na mtu. Riwaya pendwa za Kiswahili hapa kwetu ni chache madukani, ila wewe uko karibu na mpaka wa Kenya. Mtu akivuka Malaba au Busia, mwagize.

Sasa nikusimulie jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Usiku mmoja, kama Novemba hivi, niliinua macho kitabuni nikamkuta mama ananitazama. Hakuwa akiongea. Alikuwa na sauti mbili tatu tu, na akishindwa alikuwa analia, basi sote tulikuwa tumejizoeza kutomuuliza kitu. Nikaona aibu, kama mwanafunzi aliyefumwa. Na kwa kuwa sikujua la kufanya, nikaanza kumsimulia. Kwa Kiswahili. Sisi tumekulia Walukuba, hapahapa Jinja, kwenye zile nyumba za wafanyakazi za zamani. Baba alikuwa mtu wa Tororo, alifanya kazi kiwanda cha nguo, mama ni mtu wa Arua, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wakachumbiana kwa Kiswahili. Watu wetu bado wanasema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi, hata baada ya baraza la mawaziri kupitisha mwaka 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima. Hao hawajamsikia tajiri wa Kigiriki akiomba msamaha kwa Kiswahili cha Walukuba. “Mama watoto, nimekosa, nirudie.” Nilitafsiri hivyohivyo.

Kila usiku sura moja. Tulipofika pale msichana anapovua pete na kumrudishia Mgiriki, eti kwa sababu ameona picha yake na mwanamke mwingine gazetini bila hata kuuliza, mama akatoa sauti. Nikafikiri anaumwa. Akarudia, akikunja uso, na safari hii nikaisikia vizuri kabisa:

“Mjinga!”

Nililia nikacheka nikalia. Muuguzi nilipomweleza hakushangaa. Alisema salamu, nyimbo na matusi mara nyingi hurudi kabla ya maneno mengine. Basi sisi tukaanzia kwenye matusi. Sisemi kitabu ndicho kilichomponya, na mkono wake wa kulia hadi leo haushiki kikombe. Mazoezi ndiyo yalifanya kazi, tena mazoezi ya kuchosha. Lakini mazoezi aliyafanya kwa sababu nilimwambia, ukinyoosha vidole mara kumi, nakusomea.

Maneno yalivyoendelea kurudi, yakaja na maswali. Mgiriki ana kisiwa? Kisiwa kina mbu? Samaki wanauzwa wapi? Mama ameishi jirani na mwalo wa Masese miaka mingi, na kwake mtu mwenye kisiwa asiye na mashua hata moja ya uvuvi ni tapeli, na msichana wa keki alipaswa kupeleleza. Mume wangu, ambaye alikuwa kimya kwa miezi, akaanza kuvuta stuli usiku. Hakusema anasikiliza. Alisema anakaa tu.

Yapo ambayo vitabu havikuyaweza. Kodi hakikuilipa hata kimoja. Posho, yaani ugali, niliiunguza mara mbili kwa sababu ya ukurasa mmoja zaidi. Na Februari 2021 yalikuja majuma matatu ambayo nilikuwa nasoma ukurasa uleule bila kuuona, silali hata zamu yangu ikiisha, nawaza mambo ambayo sitayaandika hapa. Hilo halikuwa la vitabu. Nilimweleza yule muuguzi, akaniunganisha na mhudumu wa afya ya akili, nikasaidiwa. Likikufika, usilifiche chooni.

Wifi yako sasa. Mimi nilikuwa na shemeji wa namna hiyo, akija kumwona mama anainua kitabu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Usibishane naye. Ila ukilazimika, mpe hii: Uingereza walipojenga ile barabara kuu ya kulipia iitwayo M6 Toll, iliyofunguliwa Desemba 2003, walisaga vitabu vya zamani kama milioni 2.5, vingi vikiwa Mills & Boon, wakavichanganya kwenye tabaka la juu ili lami ishikane vizuri na mawe. Malori yanapita juu ya mapenzi hadi leo. Labda ndicho kinachokosekana kwenye barabara zetu.

Au fanya nilivyofanya mimi na shemeji: msomee mama mkwe kwa sauti wifi akiwepo, ukome katikati, pale wanapokaribia kuongea ukweli, useme unaenda kuangalia maharage. Shemeji yangu alinifuata jikoni.

Nina viwili hapa vinavyokufaa, kimoja cha harusi iliyovurugika na kimoja cha watu wawili na mbuzi, vyote vipya, hakuna mgonjwa ndani. Naweza kuviweka kwenye teksi ya Mbale Jumamosi, wewe ulipie mzigo tu ukifika stendi. Cha Mgiriki sikupi. Mama anataka kianze tena wiki hii, anasema safari hii atamsikiliza vizuri yule tapeli.