Daftari Nililompelekea Daktari Nilipotaka Tiba ya Homoni

Mwezi Julai hapa Arusha ni mwezi wa sweta na blanketi mbili, lakini mwaka niliotimiza miaka 47 nilikuwa nikiamka saa nane za usiku kanga imelowa jasho, nikafungua dirisha huku mume wangu akijikunja kwa baridi. Katika miezi minne nilipimwa malaria mara tatu, na mara zote tatu majibu yalisema sina. Nikapimwa presha na sukari, nikapewa dawa ya usingizi, na katika zahanati moja nikaambiwa nipunguze mawazo. Hakuna aliyeniuliza siku zangu zinakwendaje, na mimi nami sikusema, kwa kuwa aliyeketi mbele yangu alikuwa kijana wa umri wa mwanangu, na nililelewa kuamini kwamba mambo ya hedhi huzungumzwa jikoni na shangazi. Ukimya huo ulikula karibu miaka miwili ya maisha yangu, na sipendi uyale na ya mwanamke mwingine.

Aliyenitoa hapo ni jirani yangu, muuguzi mstaafu, aliyeniambia, "Mdogo wangu, daktari hajui usiku wako unavyokuwa. Mwandikie." Nilinunua daftari dogo, nikaandika kwa wiki nane: tarehe hedhi ilipoanza na ilipoisha, pedi nilizotumia kwa siku, joto la ghafla lilinipanda mara ngapi, saa nilizolala, siku ambazo moyo ulikwenda mbio bila sababu, siku ambazo vidole viliniuma asubuhi, siku ambazo niliwafokea watoto kisha nikalia. Niliandika pia kwamba uke umekuwa mkavu na tendo la ndoa linauma. Sentensi hiyo nisingeweza kuitamka mbele ya mtu, lakini kuiandika niliweza, na siku ilipofika nilifungua ukurasa ule nikamsogezea daktari asome mwenyewe. Kama aibu inakuzuia, dada yangu, fanya hivyo hivyo.

Nilikwenda Moshi kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Aliniamkia, "Shikamoo, mama," nikaitikia marahaba, na kabla hajaniuliza chochote nikasema neno nililokuwa nimelifanyia mazoezi ndani ya basi: "Daktari, nadhani naelekea ukomo wa hedhi, na nimekuja tuzungumze kama tiba ya homoni inanifaa." Tiba hiyo ni dawa za kuurudishia mwili homoni za kike zinazopungua katika umri huu. Nakusihi uanze na sentensi ya namna hiyo. Ukianza na kichwa kinachouma, muda wenu wote utaishia kwenye kichwa.

Nilitegemea angenituma maabara. Alinieleza kwamba kwa mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili kama zangu, kipimo cha homoni katika damu kwa kawaida hakihitajiki, kwa maana katika miaka hii estrojeni, homoni kuu ya kike, hupanda na kushuka bila mpangilio, na jibu la leo laweza kupingana na la wiki ijayo. Ndiyo maana hedhi huja baada ya wiki tatu, kisha ikapotea miezi miwili, kisha ikarudi nzito. Ukomo wenyewe huhesabiwa pale miezi 12 inapopita mfululizo bila hedhi. Hata hivyo hakuipuuza damu yangu: ilikuwa nyingi kupita kiasi, hivyo aliagiza altrasaundi ya kizazi na kipimo cha wingi wa damu kabla ya kuandika dawa yoyote. Damu isiyojulikana inatoka wapi ni lazima ichunguzwe kwanza, na damu inayorudi baada ya mwaka mzima wa kukoma haifai kusubiriwa hata kidogo.

Kisha nikauliza lililokuwa likinitisha: saratani ya matiti. Hofu hiyo ina historia yake. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisitisha mapema sehemu iliyohusu vidonge vya estrojeni vilivyochanganywa na projestini (homoni ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni ya mwili), kwa kuwa saratani ya matiti ilikuwa imeongezeka, takriban wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, na dunia nzima ikaogopa. Lakini wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi wao wakiwa wameacha kupata hedhi miaka mingi kabla. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na ambaye hana kizuizi cha kiafya, faida mara nyingi huzidi madhara. Hatari haikufutika, inapimwa kwa mwili wa mtu mmoja mmoja, na kwa hiyo jibu alilopewa rafiki yako si lako.

Hapo ndipo umuhimu wa kusema kila kitu unapoonekana. Aliniuliza kama nimewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, ugonjwa wa moyo au wa ini, au damu kuganda mguuni. Mimi sikuwahi, ila dada yangu wa tumbo moja aliganda damu mguuni baada ya kujifungua, jambo ambalo nusura nisiliseme kwa kuona si langu. Kwa sababu hiyo alichagua estrojeni ya kupaka kwenye ngozi badala ya kidonge, kwa kuwa inayopitia kwenye ngozi haiongezi hatari ya damu kuganda kama ya kumeza. Na kwa kuwa bado nina kizazi, aliongeza projesteroni, ambayo hulinda ukuta wa ndani wa kizazi usinenepe na kuzaa saratani. Mtajie daktari pia dawa za asili unazokunywa. Muulize dawa inapatikana wapi, bei yake, na kama bima yako inailipia, kwani si ya kumeza siku tano ukaacha.

Jambo moja wengi hawalijui: tiba hii si uzazi wa mpango. Ukiwa chini ya miaka 50 endelea kujikinga hadi miaka miwili ipite bila hedhi. Ukivuka 50, mwaka mmoja.

Niliporudi baada ya miezi mitatu nilikwenda na daftari lile lile. Mwezi wa kwanza ulikuwa na usiku 22 wa jasho, wa mwisho usiku 4. Vidole vilikuwa bado vinauma asubuhi, na hilo tulikubaliana lichunguzwe peke yake.