Maswali ya Wasomaji: Lengo Moja, Walimu Wanne

SWALI: Ndugu Mhariri, nilisomea ualimu Tanzania, na huu ni mwaka wangu wa pili nikifundisha sayansi darasa la saba katika jimbo la Washington, Marekani. Walimu wanne wa sayansi tumetakiwa kuweka lengo moja la pamoja kuhusu maendeleo ya wanafunzi, nalo litaingia katika tathmini ya kila mmoja wetu. Nilikotoka nilizoea shule kupangwa kwa matokeo ya mtihani wa taifa, kwa hiyo nina wasiwasi. Mwenzetu mmoja hahudhurii vikao: je, wanafunzi wake wasipoendelea, alama yangu nayo itashuka? Na mwanafunzi aliyetufikia Januari kutoka Kongo, ambaye anajua Kiswahili na Kifaransa tu, atahesabiwaje?
Mwalimu, Washington

JIBU: Ndugu Mwalimu, wasiwasi wako una msingi, kwa maana yapo majimbo ya Marekani ambako jambo unalolihofia lilitokea kweli. Mwaka 2009 serikali kuu ilitenga dola bilioni 4.35 za kushindaniwa na majimbo, na mojawapo ya mambo yaliyoyapa majimbo pointi ni kuyahusisha matokeo ya wanafunzi na tathmini ya walimu. Florida ikatunga sheria yake mwaka 2011, na kwa kuwa masomo na madarasa mengi hayakuwa na mtihani wa jimbo, walimu wa huko wakajikuta wakipewa alama za watoto ambao hawajawafundisha hata siku moja. Walimu walikwenda mahakamani mwaka 2013. Mwaka uliofuata jaji alikiri kwamba utaratibu ule haukuwa wa haki, lakini akaona kuwa haukuvunja katiba. Mimi naona hukumu hiyo inasikitisha, kwa sababu mwalimu aliyeambiwa kwamba ameonewa alirudi darasani akiwa na alama ile ile.

Washington ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2010, iliyorekebishwa mwaka 2012, ina vigezo vinane vya kumtathmini mwalimu, na vitatu kati yake vinagusa maendeleo ya wanafunzi: cha tatu kinahusu kundi dogo la wanafunzi wanaohitaji kuinuliwa, cha sita kinahusu darasa zima, na cha nane, ambacho ndicho kinachokusumbua, kinahusu ushirikiano wa walimu. Maendeleo yenyewe sheria inayaeleza kuwa ni mabadiliko ya ufaulu wa mwanafunzi kati ya nyakati mbili, na vipimo vinaweza kutoka darasani, shuleni, wilayani au jimboni. Serikali kuu ilitaka mitihani ya jimbo itumike katika tathmini; jimbo lilikataa kuilazimisha, na kwa sababu hiyo mwaka 2014 likanyang'anywa msamaha liliokuwa limepewa na serikali kuu kuhusu masharti ya sheria ya elimu ya taifa. Sharti hilo la serikali kuu liliondoka na sheria mpya ya Desemba 2015.

Kwa hiyo, katika kigezo cha nane kinachotazamwa hasa ni mchango wako: ulishirikije kuliweka lengo, kuandaa kipimo cha pamoja na kufuatilia watoto wanavyokwenda. Asiyehudhuria vikao anajiharibia mwenyewe. Hata hivyo, usilitegemee hilo kwa maneno matupu. Weka kumbukumbu za vikao, tarehe na kazi uliyoifanya, ili mkuu wa shule akikaa nawe awe na cha kusoma.

Jambo ninalokuomba ulizingatie zaidi ni lengo lenyewe. Lengo la kusema "asilimia fulani wapate alama fulani" linawapendelea walimu waliopangiwa watoto wenye nguvu. Fikiria kadi ya kliniki: nesi hamlinganishi mtoto wako na wa jirani, bali anaunganisha nukta ya mwezi uliopita na ya leo, akitazama mstari unapanda au umelala. Mkubaliane, kwa mfano, kwamba kila mwanafunzi ataandika maelezo ya jaribio moja mwezi Septemba na jingine la aina hiyo hiyo mwezi Machi. Septemba mtoto ataandika, "Mmea ulikufa kwa sababu ya giza." Machi tunatarajia aseme mmea wa dirishani uliongeza majani 6 na wa kabatini jani 1, kisha aeleze mwanga unahusikaje na mmea kujitengenezea chakula. Wote wanne mkae meza moja, msahihishe karatasi kumi zilizofichwa majina, mpaka mkubaliane ni karatasi gani inastahili alama 2 na ipi inastahili alama 3. Pasipo hatua hiyo, 3 ya kwako na 3 ya mwenzako ni vitu viwili tofauti, na lengo litakuwa la pamoja kwa jina tu.

Kuhusu yule mtoto wa Kongo, nukta yake ya kwanza ni Januari, si Septemba, na jambo hilo liandikwe ndani ya lengo sasa, kabla matokeo hayajatoka. Msipofanya hivyo, mtakuwa mnapima Kiingereza chake na kukiita sayansi. Mpe jaribio lile lile aandike kwa Kiswahili, kwa kuwa wewe unaweza kuyasoma maelezo yake, kisha uwatafsirie wenzako mezani wayape alama kwa kipimo kile kile. Mwezi Machi mfanye vivyo hivyo, na kando yake mumruhusu ajaribu pia kwa Kiingereza.