Mita ya smati na hewa ya kwenye bomba

Dada, umeuliza kama mita ya maji ya smati huhesabu hewa. Inategemea kilichomo ndani ya mita, si hiyo skrini yake. Nyingi zinazoitwa smati ni zile zile za gurudumu linalozungushwa na maji, zimeongezewa tu kifaa cha kutuma usomaji kwa redio au laini ya simu. Hizo huhesabu hewa. Huku Mombasa maji ya visima vya Baricho na chemchemi za Mzima yanakuja kwa zamu. Bomba likikauka hewa inaingia, na maji yakirudi yanaisukuma mbele yake. Mfereji unakoroma, na kile kinyota kwenye mita kinazunguka mbio kabla tone halijaanguka.

Aina nyingine ni mita za mawimbi ya sauti; hizo hazina kitu cha kuzunguka. Zinalinganisha sauti inavyowahi ikifuata mkondo na inavyochelewa ikienda kinyume chake. Bomba likiwa tupu sauti haipiti vizuri, basi mita haihesabu, ingawa maji yakichanganyika na mapovu usomaji wake huweza kuyumba. Mimi ni fundi bomba, nazifunga za aina zote mbili.

Ukipinga bili, usikubali kuonyeshwa jumla ya mwezi peke yake. Kama mita inatunza usomaji wa kila saa, dai huo, uone ilivyoruka saa maji yaliporudi. Lakini bili ikipanda maradufu, mara nyingi si hewa. Tazama matumizi ya usiku wakati maji yapo: kama hayashuki hata tangi likishajaa, kagua kwanza boya lake, lile linalofunga maji tangi likijaa.