Mtoto Anayejigonga Kichwa: Majibu kwa Maswali Yenu

Maswali ya watoto wanaojigonga kichwa yamekuwa mengi, Unguja na Pemba. Nimechagua sita. Kabla hujachukua jibu la mwenzako, tazama umri wa mtoto wake na mambo mengine anayoyafanya, kwani kujigonga peke yake hakusemi mengi.

Mwanangu wa kiume ana miezi 9. Kila usiku akikaribia kulala hujigonga kichwa kwenye ubao wa kitanda kwa mdundo, kama dakika 10, kisha hulala. Hana jeraha, mchana anacheza. Naogopa ubongo wake. – Mama, Wete

Mama, huyu unayemweleza ni mtoto mzima wa afya. Hadi mtoto 1 katika 5 hupitia kipindi kama hiki, na wavulana ni wengi kuliko wasichana, kiasi cha mara 3. Mara nyingi huanza kati ya miezi 6 na 9, na wengi huwa wameacha wakifika miaka 3 au 4. Mdundo ndio unaomtuliza. Tangu tumboni alikuwa akitikisika kila ulipotembea, ulipomzaa ukambembeza, na sasa anajibembeza mwenyewe ili usingizi umchukue.

Kuhusu ubongo, tulia. Mtoto anayejigonga kwa ajili ya usingizi hupima nguvu zake, na ni nadra sana kujiumiza zaidi ya wekundu au kivimbe kidogo cha paji la uso.

Kinachohitaji macho yako ni kitanda. Kisogeze mbali na ukuta, kaza skrubu na misumari mara kwa mara, maana kitanda kinachotikiswa kila usiku hulegea. Najua kila anayekutembelea anakwambia umzungushie mito. Usifanye hivyo. Mtoto chini ya mwaka 1 anaweza kuzibwa pumzi na mto, na hatari hiyo ni kubwa kuliko ya kichwa chake kugusa ubao. Mchana mwache atambae na apige kopo kama ngoma. Jioni iwe na utaratibu uleule: kuoga, kunyonya, wimbo, taa kuzimwa. Akianza mdundo wake usimkimbilie kila mara. Siku ya kliniki mweleze muuguzi, amwangalie na makuzi yake.

Mjukuu wangu wa miezi 14 hakuwa na tabia hii. Tangu juzi anapiga kichwa godoroni, anavuta sikio na usiku hatulali kwa kilio. Nimemtia mafuta ya nazi ya vuguvugu sikioni. Mama yake anataka kumpeleka spitali. – Bibi, Makunduchi

Shikamoo Bibi. Muunge mkono mama yake, na waende leo. Kujigonga kulikoanza ghafla, pamoja na kuvuta sikio na kilio cha usiku, mara nyingi ni maumivu ya sikio. Huenda pia ni meno, lakini hilo aliseme aliyemtazama ndani ya sikio. Mafuta yasiingie tena, wala kijiti cha pamba: ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, unachotia kinapita hadi ndani. Na kama yupo anayevuta sigara ndani ya nyumba, mwombe avute nje, kwani moshi huzidisha maradhi ya masikio kwa watoto.

Binti yangu ana miaka 2. Akinyimwa simu hujitupa na kupiga kichwa kwenye sakafu ya saruji mpaka apewe. – Baba, Jang'ombe

Ndugu yangu, hizo ni hasira za umri wake, na ameshajua kwamba njia hii inaleta simu. Mwondoe kwenye saruji, mweke kwenye godoro, kaa karibu naye kimya. Usimpige, usimfokee, na simu usimpe. Akitulia mkumbatie, umwambie, "Ulikasirika, nimeona." Mwanzoni atazidisha. Nyumba nzima mshikilie msimamo mmoja, bibi na wajomba wakiwemo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 2 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Chini ya umri huo haishauriwi kabisa.

Wangu ana miezi 6. Hagongi kitu, ila akiamka kichwa kinaanguka mbele ghafla, mikono inafunguka, anatulia, kisha inarudi tena na tena. Jirani anasema ni mchezo wa watoto. – Mama, Nungwi

Usisubiri kesho. Mrekodi kwa simu yako hali hiyo ikitokea, umpeleke spitali leo, na daktari aione picha hiyo. Mishtuko inayokuja kwa mfululizo namna hii, hasa mtoto anapoamka, inaweza kuwa aina ya kifafa cha watoto wachanga. William James West, daktari wa Uingereza, aliieleza mwaka 1841 baada ya kuiona kwa mwanawe mwenyewe. Dawa zipo, na kuchelewa ndiko kunakodhuru ubongo. Ukiambiwa "atakua, yataondoka" kabla hawajaitazama picha, omba kwa adabu waitazame.

Mwanangu ana miaka 2 na miezi 2. Hujigonga muda mrefu mchana, akiitwa hageuki, haonyeshi kitu kwa kidole. Alikuwa akisema "baba" na "maji", sasa hasemi. Wazee wanasema ana shetani, tumeshamfanyia zinguo, na wifi zangu wananitupia lawama. – Mama, Micheweni

Mwanangu, lawama hiyo iweke chini. Hukumsababishia.

Hapa kichwa si jambo kuu. Maneno aliyokuwa nayo yamepotea, jina lake halimgeuzi, kidole hakionyeshi: hata moja tu kati ya hayo lingetosha kumpeleka kwa daktari kwa umri wake, na maneno yakipotea, ni kwa umri wowote. Jambo la kwanza la kuomba ni apimwe usikivu, kwani mtoto asiyesikia vizuri hageuki na hasemi. Jambo la pili ni kuangaliwa usonji, yaani hali ya makuzi inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na wenzake, na makuzi kwa jumla. Usonji hautokani na shetani wala kijicho, wala ulezi mbaya, na mtoto mwenye usonji anajifunza. Akianza kusaidiwa mapema katika kuwasiliana na kucheza, hufaidika zaidi.

Anza kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa kwa maandishi. Kwa Pemba unaweza kuelekezwa spitali ya Chake Chake au ya Abdalla Mzee, Mkoani. Ikibidi kuvuka kwenda Unguja, ni spitali ya Mnazi Mmoja. Andika kwenye karatasi maneno aliyokuwa akiyasema na mwezi yalipopotea. Dua zisomwe, hakuna daktari atakayekuzuia, ila zisiwe sababu ya kuahirisha safari. Asinyweshwe dawa usiyoijua wala asichanjwe chale. Na baba yake aende nawe, ayasikie mwenyewe na awajibu dada zake.

Nyumbani, chuchumaa mpaka macho yenu yakutane, taja kitu kimoja kwa neno moja, subiri. Rudia kesho.

Akijigonga kweli, au akianguka, nitajuaje ni hatari? Na ni kweli asiachwe alale? – Shangazi, Chukwani

Mkimbize spitali akizimia hata kidogo, akitapika zaidi ya mara moja, akipata degedege, akiwa na usingizi usio wa kawaida au hazinduki vizuri, akitokwa na damu au maji meupe puani au masikioni, mboni za macho zikitofautiana, au akilia bila kunyamazika. Aliye chini ya mwaka 1 aonwe hata ukiwa na shaka ndogo, na utosi ukitutumka hali ametulia, nenda mara moja.

Asipokuwa na dalili hizo, akalia, akabembelezwa na kurudi mchezoni, saa yake ya kulala ikifika mwache alale. Mwamshe mara moja mbili usiku huo uone kama anakutambua.