Fungueni mirathi wazee wangali hai

Asubuhi ile mama alinipigia simu akilia: masale ya mpakani yameng'olewa. Kwetu Uchagani, Kilimanjaro, mmea huu wa isale ndio alama ya mpaka, na hakuna anayeling'oa kwa bahati mbaya. Nilipofika nilikuta mashimo saba, udongo bado mbichi, na mistari miwili ya kahawa yetu imebaki ng'ambo. Baba mdogo alikuwa ameuza kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo. Mnunuzi alikuwa na karatasi ya mauziano yenye sahihi na muhuri.

Baba alifariki 2009 na hatukufungua mirathi. Aliyeligusia alionekana ana uchu wa mali, basi tukanyamaza miaka kumi. Tulipofika baraza la ardhi, hatukuulizwa nani analima. Tuliulizwa nani msimamizi wa mirathi. Hatukuwa naye.

Ndugu zangu, msingoje. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mteueni mtu mnayemwamini, kisha mwende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Uteuzi wa ukoo peke yake hautoshi. Mamlaka anayapewa na mahakama. Na msimamizi hageuki mwenye mali: kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Kumbukeni pia kwamba madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Mama aliambiwa usoni kwamba mwanamke harithi kihamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Nilimsomea jikoni, akaniomba nirudie.

Mirathi ikiisha, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila kwenye halmashauri ya kijiji. Wenye ndoa, andikisheni majina yote mawili.

Lakini kabla ya karatasi zote hizo, zungukeni mipaka na wazee. Sisi tuliokolewa na jirani wa zaidi ya miaka themanini. Alitembea na fimbo yake mpaka kwenye mfereji wa zamani uliofunikwa na majani, akasema hapa ndipo babu yenu na baba yangu walipopanda masale. Tulifukua, tukakuta mashina makavu. Kesi ilituchukua miaka mitatu na ng'ombe wawili, kipande kikarudi.

Mzee yule tulimzika miezi minne baada ya kutoa ushahidi.