Damu Nzito Kuliko Maji? Andikishaneni Kwanza

Juzi dada mmoja wa Makambako kaniandikia: "Kaka, shemeji anataka nimkopeshe mtaji wa mbao. Nikisita, wakwe wanasema damu nzito kuliko maji. Nifanyeje?"

Dada yangu, msemo huo ulinilia magunia 80 ya viazi.

Nilikuwa ndiyo nimeanza kusimama. Nanunua Isyonje, napakia Fuso Uyole, nashusha Dar. Kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja, akasema nipumzike, safari hii aende yeye na mzigo. Lumbesa tupu, magunia ya kujazwa kupita kipimo (msinihukumu). Hatukuandikishana popote. Siku ya tatu simu haipatikani. Wiki ya pili anapiga kwa namba ngeni: viazi vimeozea njiani. Dereva aliniambia vilishuka vizima na hela ikalipwa taslimu.

Aliyeninyanyua ni jirani yangu wa genge pale Mwanjelwa, Msafwa, hatuna hata babu mmoja. Alinipa magunia kumi kwa mali kauli: niuze kwanza, nilipe baadaye, kwa neno tu.

Kikao cha ukoo kikaitwa Tukuyu. Baba mkubwa akafungua kwa msemo uleule. Nami nilikuwa na jibu, nimelitoa kwenye status ya WhatsApp: eti msemo umekatwa, asili yake ni "damu ya agano ni nzito kuliko maji ya tumbo la uzazi", yaani wa kiapo anamzidi ndugu. Nikalitoa kwa sauti ya mhubiri. Sebule nzima kimya. Nilirudi Mbeya kifua mbele.

Kumbe nililishwa matango pori. Nilipochimba, sikuona andiko lolote la kale lenye agano hilo. Limesambaa kuanzia miaka ya 1990. Mwandishi wa Uskoti, Walter Scott, aliutumia msemo katika riwaya ya 1815 kwa maana ileile aliyoitumia baba mkubwa. Cha karibu na hoja yangu ni alichoandika Mmarekani Trumbull mwaka 1885: Waarabu husema damu nzito kuliko maziwa, maana waliochanjiana, yaani waliochanganya damu kwa kiapo cha undugu, huwazidi walionyonya ziwa moja. Na kuchanjiana tunakujua. Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, alipigana na kundi la Stanley, yule mvumbuzi Mzungu, mwaka 1871. Mwaka 1876 wakachanjiana wakawa ndugu. Maadui wale walikuwa na utaratibu wa kuaminiana. Mimi na kaka yangu tulikuwa na methali tu.

Kwa hiyo, dada, andikishaneni. Shemeji akinuna, andikishaneni. Kiasi, tarehe ya kurudisha, mashahidi wawili, sahihi. Mtu anayetanguliza methali kabla ya kutaja tarehe, kaa naye chonjo, hata kama mmelala kitanda kimoja utotoni. Na mwenye kukukopesha mali kauli bila kukujua ukoo, mlipe kabla hajakumbusha. Mimi wa kwangu nilimlipa ndani ya wiki tatu.

Kaka hajarudisha hata mia. Pasaka alituma salamu kupitia kwa mama. Nilimwambia mama nimezisikia.